Mabinti Waliouliza Wakiwa Bado Hemani

Masomo: Hesabu 27:1-11, Hesabu 36:1-12, Yoshua 17:3-6

 

Mwezi huu tutafakari pamoja habari ya mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao alifia jangwani bila kuacha mwana wa kiume. Kwa desturi ya siku zile, urithi ulikuwa wa wana wa kiume, na jina la baba yao lilikuwa linaelekea kufutika. Mabinti hao wakaja mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari na mkutano wote, wakaomba sehemu kati ya ndugu za baba yao. Musa hakuwafukuza wala hakujibu kwa haraka. Alipeleka neno lao mbele za Bwana, naye Bwana akasema wamenena haki.

Tuangalie vizuri walikuwa wapi. Walikuwa Moabu, hawajavuka Yordani. Hakukuwa na shamba hata moja la kugawa. Waliishi hemani, kama sisi tunavyoishi chini ya turubai. Mtu angeweza kuwaambia: "Subirini kwanza tufike." Hawakusubiri, maana watu walikuwa wamekwisha kuhesabiwa kwa ajili ya kugawiwa nchi, na asiyehesabiwa mapema hukuta wenzake wamekwisha kugawana.

Wengi wetu tuliotoka pande za Kibumba tuliingia Rwanda kwa Kabuhanga, katika sekta ya Bugeshi, wilaya ya Rubavu. Ni nchi inayofanana na kwetu: udongo mweusi wa volkano, viazi, pareto, na mashamba madogo. Hapo ardhi ni maisha. Tukitaka kujua jinsi nchi inavyotengeneza mambo yake upya, na mahali inaposahau watu, nchi hiyo ya zamani ya Gisenyi inaweza kutufundisha.

Zamani, katika Gisenyi na Ruhengeri, ardhi ilifuata utaratibu ulioitwa ubukonde. Ukoo uliokata msitu wa kwanza ndio uliokuwa mwenye ardhi. Aliyekuja nyuma alipewa mahali pa kulima, naye alilipa kwa pombe na kwa siku za kazi. Mwaka 1954 Mfalme Mutara III Rudahigwa alifuta ubuhake, yaani utumishi wa ng'ombe. Watumishi wakapata ng'ombe wao, lakini malisho mengi yalibaki kwa mabwana. Ng'ombe bila majani ni furaha ya siku chache. Mapinduzi ya 1959 hadi 1961 yaliondoa ufalme, lakini maelfu na maelfu ya Watutsi wakawa wakimbizi, na wengine walifika Kivu kwetu. Mwaka 1961 ikatolewa amri ya kurekebisha ubukonde. Wanaume wakabishana na wanaume: nani mwenye ardhi, nani mpangaji. Binti hakuulizwa.

Mnaona, ndugu zetu? Kila tengenezo lilifungua mlango, na kila mara kuna mtu aliyebaki nje.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Rwanda ilikuwa na wajane wengi na mabinti yatima wengi. Kwa mila, shamba la marehemu lilikwenda kwa baba wakubwa na baba wadogo. Mama aliyezika mume na wana wake alijikuta hana mahali pa kupanda hata maharagi. Wanawake wa vyama na wa bunge wakasimama mlangoni, kama mabinti wa Selofehadi. Tarehe 12 Novemba 1999 ikatoka sheria iliyowapa wana wa kiume na wa kike haki sawa ya kurithi. Katiba ya 2003 ikawapa wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi za maamuzi, na mwaka 2008 bunge la Rwanda likawa la kwanza duniani kuwa na wanawake wengi kuliko wanaume.

Lakini hata hapo kazi haikwisha. Sheria ya 1999 ilimlinda mke aliyefunga ndoa ya kiserikali. Aliyeishi na mume miaka ishirini bila kuandikishwa alibaki nje. Ndipo mashamba yakapimwa na kuandikwa, zaidi ya vipande milioni 10 kufikia mwaka 2013, na mke na mume wa ndoa ya sheria wakaandikwa pamoja kwenye cheti. Tena wazee waliogopa: "Binti akiolewa, shamba litakwenda kwa ukoo mwingine." Hofu hiyo imo katika Hesabu 36. Wakuu wa Manase walileta hofu yao, nao walisikilizwa. Lakini haki ya mabinti haikufutwa.

Sasa tufungue Yoshua 17. Musa amekwisha kufa, Yordani imevukwa, nchi inagawiwa. Mabinti wale wale wanakuja tena kumkumbusha Yoshua neno la Bwana, ndipo wanapewa. Sheria ilikuwepo tangu Moabu, lakini ilihitaji watu wa kuikumbusha.

Na sisi je? Wengine husema, "Hayo ni mambo ya Rwanda." Hapana. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 iliweka watoto wote, wa kiume na wa kike, kuwa warithi sawa. Mwaka 2016 ilirekebishwa, na mke hahitaji tena ruhusa ya mume kwa kila jambo la kisheria. Ni nani kwetu kijijini aliyewahi kugawa hivyo? Hata hapa, ambapo hatuna shamba, si mara moja neno limeletwa kanisani: baba amefariki, na kabla ya matanga kwisha ndugu zake wamechukua kadi ya chakula na sufuria za mjane. Tukifanya hivyo kwa sufuria, tutafanya nini kwa shamba siku ya kurudi?

Kwa hiyo tunawasihi mambo matatu. Kwanza, wanaoishi pamoja bila ndoa ya kiserikali waandikishwe, wachungaji watawasaidia. Pili, kila baba na mama waandike sasa mashamba waliyoyaacha, mipaka yake na majirani, pamoja na majina ya watoto wote, wa kike wasiachwe, na mashahidi watie sahihi. Tatu, kikao cha urithi katika kanisa letu kisikae bila mjane mwenyewe, na wamama wawili wa kumsindikiza.

Hayo yote yanawezekana hapa hemani, hata kabla ya kurudi. Tena ni rahisi zaidi leo, kwa kuwa hakuna shamba mbele yetu la kututia tamaa.

Tuombe: Ee Bwana, uliyesikia mabinti watano jangwani, utupe masikio kama ya Musa na uaminifu kama wa Yoshua. Siku utakayoturudisha, asiwepo mtoto wetu atakayebaki nje ya mlango. Amina.