Mzigo wa Bure, Nani Aubebe?

Kila mkaazi wa Birmingham anajua kazi ya kufunga mzigo wa kupeleka nyumbani. Tunajaza tunachoona kizuri, kisha mpokeaji anashangaa kwa nini hatukumuuliza anachohitaji.

Niliyakumbuka hayo pale mpwa wangu, mwalimu wa hisabati huko Tanga, alipojaribu kupakua Sage, programu huria ya hisabati. Haina bei, lakini ina uzito wa mamia ya megabaiti, na ikishafunguliwa hufika gigabaiti kadhaa. Kwenye Windows sharti kwanza uweke Linux ndani yake. "Mjomba," akaniambia, "hiki cha bure kimemaliza bando langu la mwezi."

Je, watengenezaji wamekosa? Tuwasikilize nao. William Stein alianzisha Sage mwaka 2005 ili kuwe na mbadala wa programu za kuuzwa, ambazo huficha namna zinavyokokotoa. Mwanahisabati asiyeweza kuikagua hesabu hana uthibitisho, ana imani tu. Ndiyo maana programu nyingi zilikusanywa katika furushi moja, kila kipande kiwe wazi kufunguliwa na kurekebishwa. Tena wengi wao hujitolea. Kila saa ya kumrahisishia mgeni mlango inatoka kwenye hisabati yenyewe.

Na uwazi huo si anasa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Ingekuwa programu iliyofungwa, tungengoja hiari ya mwenye mali.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa hiyo mtoaji hadaiwi. Lakini aliyesema "karibuni nyote" amejifunga kwa neno lake: angalau atangaze uzito wa mzigo na aina ya mashine kabla mtu hajatumia senti zake. Zaidi ya hapo, pengo linatuhusu sisi wa katikati, wenye intaneti ya nguvu.

Safari hii nilimuuliza mpwa wangu anahitaji nini. Kumbe ni kuwachorea grafu wanafunzi wa kidato cha tatu; GeoGebra, iliyo nyepesi, ilitosha. Nikampa msafiri flashi, pamoja na maelekezo kwa Kiswahili.

Baada ya wiki tatu akapiga simu. Mwanafunzi mmoja ameuliza kompyuta inajuaje kwamba namba fulani ni tasa. Huyo, nikamwambia, ndiye mwenye Sage. Nimeanza kumfungia mzigo wake.