Nyonga ya Yakobo, magoti ya zimamoto

Luka alikuwa tabibu, na tabibu haachi kuuangalia mwili hata anaposimulia muujiza. Katika sura ya tatu ya Matendo ya Mitume, somo tulilolisikia Jumatano ya Oktava ya Pasaka, Petro anamshika mkono wa kuume yule kilema wa kwenye Mlango Mzuri na kumwinua. Mwandishi mwingine angesema amepona, akaendelea na hadithi. Luka anainama hadi miguuni: nyayo zilipata nguvu, na vifundo vya miguu navyo. Ndipo mtu yule akaruka, akasimama, akaanza kutembea.

Nimevikumbuka vifundo hivyo kwa sababu tarehe 4 Mei Kanisa linamkumbuka Mt. Florian, afisa wa jeshi la Kirumi aliyefungwa jiwe na kutoswa katika mto Enns, nchi ambayo leo ni Austria, mnamo mwaka 304. Ndiye msimamizi wa wazimamoto. Siku hiyohiyo ni Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto, iliyoanzishwa baada ya watu watano wa kujitolea kufa wakipambana na moto wa msituni huko Linton, Australia, tarehe 2 Desemba 1998. Sisi huwakumbuka wazimamoto tunapopiga 114, na tukishapiga tu tunaanza kulaumu: wamechelewa, wamekuja bila maji. (Tangi la gari likifunguliwa mpira wenye nguvu huisha kwa dakika, si kwa saa. Aliyefika nyuma ya umati huona gari tupu na kuamini lilikuja tupu.) Lakini maji tuyaache. Juma hili naomba tuwatazame magoti.

Askari anayeingia kwenye nyumba inayoungua amekwisha kubeba kilo 20 na zaidi kabla hajashika kitu mkononi: koti na suruali nzito, mabuti, kofia ngumu, barakoa na mtungi wa hewa mgongoni. Moshi na joto hupanda juu, kwa hiyo yeye lazima ashuke. Anatambaa, anapapasa ukuta, anajipinda kupita chini ya meza, anavuta mpira uliojaa maji, na akimkuta mtu amezimia anamburuta akiwa amechuchumaa. Wala si moto peke yake. Lilipoporomoka lile jengo la ghorofa Kariakoo, asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, kazi ilikuwa ya kuingia katika nyufa za zege kwa siku kadhaa. Pale, ushujaa ulihitaji nyonga zinazokunjika.

Na mwili una tabia moja ambayo kila mmoja wetu aliyepita miaka 40 ataitambua. Nyonga ikigoma kukunjika, mgongo wa chini unakunjwa badala yake. Kifundo cha mguu kikikakamaa, goti ndilo linalokwenda kando. Mgongo wa juu ukiwa mgumu, bega linalazimishwa kufika ambako halikupangiwa kufika. Maumivu yanaonekana kiunoni, tunapaka dawa kiunoni, kumbe aliyesababisha yuko chini yake kidogo na wala hana maumivu. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba viungo huumia pamoja. Alikuwa akilisema Kanisa, lakini kila daktari wa mifupa atamwitikia amina.

Jaribu mwenyewe ukifika nyumbani. Vua viatu, simama mbele ya ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa mbali na ukuta kwa upana wa kiganja. Kunja goti hadi liguse ukuta, kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Bibi zetu waliokoka moto, wakachambua mchele na kufua wakiwa wamechuchumaa wangekushangaa kwamba hilo linaitwa zoezi. Sisi wa viti na bodaboda wengi tutaona kisigino kinapanda. Sasa fikiria kisigino hicho ndani ya buti gumu, usiku, kwenye ngazi iliyolowa.

Kuna jambo lililonishangaza katika habari za idara ya zimamoto ya mji wa Tucson, huko Arizona, Marekani. Watafiti walizipitia kumbukumbu za majeraha kati ya mwaka 2004 na 2009. Mtu angetarajia moto uongoze. Haukuongoza. Takriban theluthi moja ya majeraha yalitokea wakati wa mazoezi ya viungo. Kubeba wagonjwa kulifuata, kisha mafunzo. Na majeraha ya kwenye tukio lenyewe la moto yalikuwa kama moja katika kila kumi. Mengi yalikuwa ya kuteguka na kuvutika misuli. Kwa hiyo askari tunayemwombea asiungue yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuumia katika mechi ya jioni aliyoingia bila kupasha mwili moto, au katika kumnyanyua mzee mwenye kilo 90 kutoka kitandani huku ndugu wamesimama mlangoni wakitoa maelekezo.

Juu ya kunyanyua huko, kitabu cha Kutoka sura ya 17 kina busara ya kazi. Mikono ya Musa ilipochoka, Haruni na Huri hawakumhimiza ajikaze. Walimletea jiwe akae, kisha wakaitegemeza mikono, mmoja upande huu na mwingine upande ule, hadi jua lilipozama. Wanaobeba wagonjwa wanajua maana yake: watu wawili, hesabu moja, mzigo karibu na kifua. Na ndugu walio mlangoni washike shuka.

Iko pia kazi ya kushuka kwenye gari, ambayo haionekani kuwa kazi. Gari linasimama, king'ora bado kinalia, watu wanapiga kelele, na kijana anaruka kutoka juu akiwa na mzigo wote ule, macho yake yakiwa kwenye moshi. Anatua kwa mguu mmoja kwenye ukingo wa mtaro. Zamu yake imeishia hapo, na wenzake wamepungukiwa mtu mmoja kabla hawajafungua maji. Askari mzoefu hushuka kinyumenyume, uso ukielekea gari, mikono miwili na mguu mmoja vikishika wakati mguu mwingine unatafuta ardhi. Hupoteza sekunde mbili. Mimi nauhesabu utaratibu huo kuwa tendo la upendo kwa jirani, na sioni haya kulisema hilo kanisani.

Sasa tuje kwa wale wanawali kumi wa Mathayo 25. Wote walisinzia, wenye busara na wapumbavu. Usingizi haukuwa kosa lao. Tofauti ilikuwa kwenye kilichofanyika mchana. Mzimamoto naye hulala kituoni, na akiitwa saa nane usiku anatakiwa awe barabarani muda mfupi baadaye. Hakuna wa kumwambia moto usubiri azungushe nyonga kwanza. Kwa hiyo kiungo huandaliwa zamu inapoanza, kila zamu, dakika 10 au 15: kuchuchumaa taratibu na kuinuka, hatua ndefu za mbele goti la nyuma likikaribia ardhi, kuzungusha mabega na nyonga, kujipinda kulia na kushoto, kutambaa kwa mikono na miguu. Kunyoosha na kutulia kwa muda mrefu kuachwe hadi baada ya kazi, misuli ikiwa ina joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wazimamoto 433 wa Marekani waliofundishwa kuimarisha kiwiliwili na kujongea vizuri. Kwa mwaka mmoja majeraha yalipungua kwa asilimia 42, na muda uliopotea kazini kwa asilimia 62. Walilinganishwa na hali ya nyuma, si na kundi jingine la wakati uleule, kwa hiyo tuzipokee namba hizo kwa kiasi. Hata nusu yake ingetosha kunishawishi.

Hayo ni kwa ambaye bado hajaumia. Aliyekwisha kuumia ana mtu wake katika Biblia, naye ni Yakobo. Kwenye kivuko cha Yaboki alishindana usiku kucha, akaguswa uvungu wa paja, nyonga ikateguka. Kulipopambazuka alivuka akichechemea. Hadi hapo tunaijua hadithi, na wahubiri hupenda kuishia hapo. Tafadhali endeleeni hadi sura ya 33 ya kitabu cha Mwanzo. Asubuhi ileile Yakobo anamwona Esau akija na watu 400, naye anainama hadi chini mara saba. Mara saba, kwa nyonga ile! Kisha Esau anataka waandamane, na Yakobo anakataa kwa adabu: watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, nitangulie bwana wangu, mimi nitakuja polepole. Watoto kawataja, kondoo na ng'ombe kawataja. Nyonga hakuitaja hata mara moja.

Ndivyo wanaume wengi walivyo, na wanawake waliovaa sare hawako mbali nao. Askari aliyeteguka bega atasema amechoka tu, kwa hofu ya kuondolewa kwenye gari na kupelekwa ofisini, au kwa kuogopa kicheko cha wenzake. Anarudi kazini na bega nusu. Jeraha dogo ambalo lingetaka majuma mawili ya uangalizi linageuka la maisha. Siwezi kumlaumu sana, maana tumemfundisha sisi kwamba shujaa haumwi. Lakini tazama familia ya Yakobo ilivyofanya. Asichokisema baba, watoto walikishika: Waisraeli waliacha kuula mshipa ulio katika uvungu wa paja, na hadi leo wachinjaji wa Kiyahudi wanaofuata sheria huutoa. Walikiweka mezani, kila walipokula nyama. Mke wa askari huona namna mumewe anavyopanda ngazi. Kamanda huona nani anashuka kwenye gari kwa kujishikilia. Wamwulize. Na akijibu ni watoto na mifugo, wamwulize tena.

Tangazo moja. Ndugu zetu wa kituo cha zimamoto hufanya mazoezi kando ya barabara, kati ya magari na vumbi. Kuanzia Jumatatu kiwanja cha parokia kitakuwa wazi kwa ajili yao saa 12 asubuhi, na Misa ya asubuhi itatumia lango la upande wa shule. Funguo ziko kwa katekista. Vijana wa kwaya mnaolalamikia migongo, mnaruhusiwa kujiunga.