Chanjo na Hiari ya Mtu

Je, ni halali kumchanja mtu kwa dawa ambayo madhara yake yote hayajajulikana? Tena, ikiwa dawa hiyo yaweza kuokoa kijiji kizima, je, ni halali kumshurutisha anayeikataa? Maswali haya si ya wenye elimu peke yao. Yaliulizwa nyumba kwa nyumba huko Beni na Butembo, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, wakati Ebola ilipowaua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri.

Chanjo iliyoletwa ilikuwa imejaribiwa Guinea mwaka 2015, ikaonekana kuwa na nguvu. Lakini mwaka 2018 ilikuwa bado haijapata idhini kama dawa nyingine. Kwa hiyo kila mtu alipaswa kuelezwa, na kukubali, kabla ya kuchomwa sindano. Wala hawakuchanjwa watu wote. Walitafutwa waliokaa na mgonjwa, kisha waliokaa na hao, kama vile mtu afyekavyo majani kuuzunguka moto wa nyika ili usienee. Njia hiyo ni ya busara, ila ina taabu yake: jirani asiyeandikwa alijiuliza kwa nini yeye anyimwe, na aliyeandikwa alijiuliza kwa nini atafutwe yeye. Tena Disemba 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Basi, ni nani atakayestaajabu kwamba wengi waliiona chanjo kuwa mambo ya siasa?

Chanjo hii mara nyingi huleta homa, na maumivu ya kichwa na ya viungo, kwa siku chache. Na homa ndiyo dalili ya kwanza ya Ebola yenyewe! Tena kinga haiji siku ile ile; huhitaji siku kumi hivi. Mtu aliyekwisha kuambukizwa kabla ya sindano aweza kuugua na kufa baada yake. Sasa mfikirie mchanjaji apitaye kwa haraka akisema, «Dawa hii haina neno lolote.» Nia yake ni njema, ataka watu wasiogope. Usiku homa inampanda mama mmoja. Juma la pili jirani yake aliyechanjwa anazikwa. Nani atamsadiki tena mchanjaji huyo? Kwa uongo mdogo amewafungia mlango watu wengi. Mwenzake asemaye tangu mwanzo, «Pengine utapata homa, ikikuzidi, tuite,» atakataliwa na wengine siku ile, lakini kesho aweza kurudi katika nyumba zile zile.

Mtu asiyeambiwa hatari hakukubali bado. Aliyeshikwa kwa nguvu naye hakukubali. Wapo wajibuo kwamba ugonjwa wa kuambukiza si mali ya mtu mmoja, na kwamba akataaye huwahatarisha watoto wa wenzake. Neno hili ni kweli, wala lisidharauliwe. Mwenye kukataa ana deni: asijifiche, akubali kutazamwa kila siku hata zitimie siku 21, asiguse maiti. Deni hilo ni zito. Hata hivyo halimpi mtu mwingine ruhusa ya kumvuta mkono.

Jambo gumu kupita yote lilikuwa la wanawake wenye mimba. Chanjo hii ina kirusi hai, kwa hiyo hapo mwanzo walinyimwa, ili mtoto aliye tumboni asidhurike. Lakini Ebola humwua karibu kila mtoto aliye tumboni mwa mgonjwa, na mara nyingi mama pamoja naye. Mwanamke aliyemwuguza mumewe aliwaona shemeji zake wakichanjwa, naye akarudishwa nyumbani. Waliomrudisha walidhani kwamba kwa kutotenda hawakumdhuru. Kumbe kumwacha bila kinga kulikuwa pia tendo, na hatari yake ilimwangukia yeye, ambaye hakuulizwa lolote. Mwaka 2019 agizo lilibadilishwa: wenye mimba iliyopita miezi mitatu, na wenye kunyonyesha, wakaruhusiwa kuchanjwa. Tangu hapo mwanamke wa namna hiyo alielezwa hatari ya pande zote mbili, kisha akaulizwa yeye mwenyewe.