Dhambi na Deni

Kuna swali ambalo watu wa kwetu huuliza kwa sauti ya chini, hasa wanapotoka kumjulia hali mgonjwa. Je, mtu aliyeugua kwa sababu ya kazi yake anayo haki ya kumdai fedha mwajiri ambaye hakukusudia kumdhuru? Kazi aliitafuta mwenyewe, mshahara aliupokea kila mwezi, na magonjwa yote yako mikononi mwa Mungu. Sasa anadai nini? Swali hili nimelisikia kwa watu wenye busara na wacha Mungu, kwa hiyo silidharau. Naona tu kwamba ndani yake mna mambo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja, nayo ni dhambi na deni. Tukiyafungua, na kila moja tukaliweka mahali pake, jibu halitakuwa gumu sana.

Hapa Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, sisi ni wakulima na pia ni wafugaji. Hakuna mwaka unaopita bila ng'ombe wa mtu kuingia katika mtama wa mwenzake. Shauri hilo likifika mbele ya wazee, hakuna anayeuliza kama ng'ombe alikusudia, wala kama mwenye ng'ombe alikuwa na chuki. Pengine mchungaji alisinzia kwa jua, au kamba ilikatika usiku. Wazee husikiliza hayo yote, hutikisa vichwa kwa huruma, kisha huenda shambani kuhesabu mistari iliyoliwa. Mwenye ng'ombe hulipa, na hakuna amwitaye mwovu. Kesho yake wawili hao hukaa pamoja msibani au arusini. Amelipa kwa sababu maziwa ya ng'ombe yule huyanywa yeye, na anywaye maziwa hawezi kumwachia jirani hasara ya mtama. Hilo ndilo deni. Dhambi inahitaji nia, lakini deni halihitaji.

Sasa natoka katika mtama na kuingia katika jambo zito zaidi, nalo ni asbesto. Asbesto ni madini ya ajabu, jiwe linalochambuka kuwa nyuzi kama pamba yetu, ila nyuzi zake haziungui kwa moto. Lilichanganywa na saruji, yakatengenezwa mapaa ya kijivu ambayo wengi wetu tumeyaona juu ya shule, zahanati na nyumba za watumishi, na mabomba ya maji yaliyofukiwa ardhini. Likiachwa bila kuguswa hutulia. Likikatwa kwa msumeno, likitobolewa au kuvunjwa, hutoa vumbi ambalo jicho halilioni. Nyuzi hizo huingia ndani ya mapafu na kukaa humo miaka 20, 30, hata 40, mtu akiwa mzima na akilea watoto wake. Kisha mapafu hukakamaa, au huota saratani, au saratani huushika utando unaoyafunika, ugonjwa ambao waganga huuita mesotelioma. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema wazi kwamba aina zote za asbesto huleta saratani.

Utetezi wa kwanza wa wenye viwanda ulikuwa huu: hatukujua. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, alikuwako mwanamke aitwaye Nellie Kershaw, aliyeanza kazi katika kiwanda cha asbesto akiwa na umri wa miaka 12. Alisokota nyuzi zile mpaka pumzi ikamwishia, akafa mwaka 1924 akiwa na miaka 33. Kampuni ya Turner Brothers, iliyokuwa imemwajiri, ilikataa kumlipa chochote kwa hoja kwamba ugonjwa wake haukuwamo katika orodha ya magonjwa ya kulipwa, na familia yake haikusaidiwa hata gharama za mazishi. Daktari aliyeyachunguza mapafu yake, William Cooke, aliandika habari zake katika jarida la waganga, na mwaka 1931 serikali ya Uingereza ikatunga kanuni za kupunguza vumbi viwandani. Hebu tuipime hoja ya kampuni kwa mizani yetu. Mtu anaposema hakujua, labda amejitoa katika dhambi. Katika deni hajajitoa, kwa kuwa nguo na mapazia yaliyofumwa kwa nyuzi za mama yule yaliuzwa, na fedha ikapokewa. Isitoshe, baada ya mwaka 1931 hata neno lile la kutojua lilikuwa limekwisha nguvu, nayo asbesto iliendelea kuchimbwa na kuuzwa duniani kwa miongo mingi.

Utetezi wa pili ni wa wakati: umechelewa. Kila mkulima wa mihogo anajua kwamba fuko hula mizizi chini ya ardhi huku majani yakibaki mabichi, na hasara huonekana siku ya kung'oa. Katika kesi ya Cartledge mwaka 1963, wafanyakazi wa kiwanda cha vyuma huko Uingereza, ambao mapafu yao yaliharibiwa na vumbi la mchanga, waliambiwa na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho wakati ule, kwamba muda wao wa kudai ulianza kuhesabiwa siku mapafu yalipodhurika, ijapokuwa hakuna aliyeweza kujua siku hiyo. Yaani haki yao ilikufa kabla hawajajua kuwa wanayo. Majaji wenyewe walisikitika, na mwaka huohuo Bunge likabadili sheria. Sisi nasi tunayo Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971, inayotoa miaka 3 kwa madai ya madhara yasiyotokana na mkataba. Sheria ya ukomo ina hekima yake, maana watu hawawezi kuishi na mashtaka yasiyokwisha. Lakini kumhesabia mtu siku za jino la fuko, badala ya siku ya kung'oa muhogo, ni kumcheka.

Utetezi wa tatu ni mjanja kuliko yote: si mimi, ni yule. Mfanyakazi amepita kwa waajiri watatu, na wote walikuwa na vumbi. Nani anaweza kusema ni uzi wa nani ulioanzisha saratani? Sayansi haiwezi. Tuseme makundi matatu ya ng'ombe yamelala jirani na shamba langu, kila mwenye kundi ameacha zizi wazi, na asubuhi mtama haupo. Wazee waniambie nirudi nyumbani na njaa kwa kuwa siwezi kumtambua ng'ombe aliyekula? Katika kesi ya Fairchild ya mwaka 2002, Baraza la Malodi lilikataa hoja hiyo. Lilisema kwamba kila mwajiri aliyeongeza hatari bila kuchukua tahadhari anaweza kuwajibika, hata kama uzi wenyewe haujulikani ulitoka kwa nani. Nadhani wazee wa kwetu wasingesema tofauti.

Na wa nne ni utetezi wa umbali: njoo unishtaki kwako, si kwangu. Kampuni ya Cape ya Uingereza ilichimba asbesto Afrika Kusini kwa miaka mingi. Mwaka 1960 madaktari wa huko walitangaza habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma, wengi wao wakitokea upande wa machimbo ya Rasi ya Kaskazini. Wengi hawakuwa wachimbaji. Walikuwamo akina mama wa nyumbani na wachunga ng'ombe, watu waliokaa tu karibu na vumbi. Wagonjwa walipofungua kesi London, kampuni ilitaka irudishwe Afrika Kusini. Julai 2000 Baraza la Malodi likaamua isikilizwe Uingereza, kwa sababu kwao wagonjwa wale maskini wasingepata fedha za mawakili, na kesi ingekufa. Hatimaye mwaka 2003 Cape ilikubali kulipa pauni milioni 7.5 kwa wadai wapatao 7,500. Ukigawa sawasawa, ni kama pauni 1,000 kwa kila mmoja. Wengi walikuwa wamekwisha kufa wakingoja.

Msomaji atasema: basi ilikuwa na faida gani? Pauni 1,000 kwa pumzi ya mtu! Hapo ndipo ninapotaka tufikiri kwa makini, na sitaweza kulieleza jambo hili bila kutaja lililotokea jirani yangu.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani alifanya kazi miaka ya 1980 katika kampuni ya ujenzi, akikata kwa msumeno mabomba ya saruji yenye asbesto, bila kitambaa puani. Alirudi kijijini, akalima, akaoa, akajenga. Alipofikia miaka ya sitini pumzi ikaanza kumpungukia. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, ingawa makohozi yake hayakuonyesha vijidudu. Dawa ziliposhindwa, ndugu zake walianza kumtafuta adui. Baadhi walikwenda kwa mganga, wakarudi na jina. Lilikuwa jina la mjane mzee mwenye macho mekundu, anayepikia kinyesi cha ng'ombe.

Watu wa Usukuma hawahitaji kuelezwa maana ya hapo. Tumewazika bibi zetu wengi waliokatwa mapanga usiku kwa sababu ya macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni. Katika fikra zetu, ugonjwa usioelezeka lazima uwe na mtu mwenye nia mbaya nyuma yake. Tunatafuta dhambi mahali penye deni.

Daktari bingwa mjini Mwanza alipoipiga na kuisoma picha ya kifua, na kumwuliza alifanya kazi gani ujanani, ndipo jina la kweli lilipopatikana: vumbi. Yule mwanafunzi alinijia nimsaidie kuandika barua ya madai. Nilimweleza ukweli wa sheria. Kazi yake ilikwisha zamani, chini ya sheria ya fidia iliyotungwa na Waingereza mwaka 1949, ambayo mpaka inakoma ilikuwa na kikomo cha shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu, fedha ambayo leo hainunui hata ndama. Alinijibu, "Mwalimu, sitafuti utajiri. Nataka waandike kwamba niliugulia kwao. Karatasi hiyo niwasomee ndugu zangu." Barua tuliiandika, na nakala yake aliisoma mbele ya ukoo wake kabla majibu yoyote hayajafika. Majibu hayajafika hadi leo. Lakini mjane yule yu hai, na huchota maji kisimani kama kawaida.

Kwa hiyo nikiulizwa fidia ni nini, nasema kwanza ni ukweli uliowekwa hadharani. Anayelipa deni, hata liwe dogo, amekubali kwamba mtama uliliwa na kwamba ng'ombe alikuwa wake. Palipo na ukweli huo, asiye na hatia husalimika, na mgonjwa huacha kujishuku kwamba amerogwa au ameadhibiwa. Pili, fidia huwalinda walio bado kazini. Vumbi lisilo na gharama halitafagiliwa na mtu. Vumbi linalolipiwa hutafutiwa maji, barakoa na feni. Ndiyo maana yule asemaye "namwachia Mungu" amesema neno jema kwa nafsi yake, lakini amewasahau vijana wanaoshika msumeno uleule kesho. Mtu anaweza kusamehe dhambi aliyotendewa yeye. Deni linalowahusu wengine si lake peke yake kulifuta.

Nakubali kwamba wapo watakaodai kwa uongo, na wapo waajiri wadogo ambao hukumu moja ingewafilisi. Jibu la hofu hizo ni kuwagawia waajiri wote mzigo na kuwapa madaktari kazi ya kupima. Nchi yetu imeanza njia hiyo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko unaochangiwa na waajiri, ulioanza kazi Julai 2015, na mgonjwa halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alikuwa mzembe, ila kwamba ugonjwa ulitokana na kazi. Hiyo ni hekima ileile ya kuhesabu mistari ya mtama. Lakini Mfuko huo ulijengwa kwa ajili ya waajiriwa. Fundi wa kibarua cha siku moja anayeng'oa paa la zamani, mke anayekung'uta nguo za mumewe zilizojaa vumbi, mtoto anayecheza na vipande vya paa lililovunjwa, hao wote mapafu yao hayana mwajiri. Deni lao ni la nani? Nasema ni la sisi sote tuliokaa chini ya mapaa yale na kuyanywa maji yaliyopita katika mabomba yale. Tuliyanywa maziwa.

Nawaomba basi wanaosoma maneno haya, hasa vijana wa ujenzi na viwanda, wafanye mambo machache. Wasikate wala kuvunja paa la kijivu la zamani bila kuuliza ni la nini. Watunze barua za ajira, hati za mshahara na majina ya wenzao wa kazini, maana baada ya miaka 30 kumbukumbu pekee haitoshi. Na wakiugua kifua, wamwambie daktari kazi zote walizowahi kufanya, hata zile za ujanani wanazoziona hazina maana.