Nani Kamsumbua Nani

Samaki wa mjomba alikufa usiku. Asubuhi nilipowasha taa ya tangi nilimkuta amelala ubavu juu ya mchanga, na minyoo sita au saba wamemzunguka. Alikuwa mmoja wa wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao kila mtoto aliyewahi kuangalia katuni huwaita Nemo. Minyoo walikuwa wa hudhurungi, wembamba kama kamba ya kiatu, na ubavuni wamejaa vinywele vyeupe. Mwanga ulipowafikia walirudi kwenye matundu ya mawe bila haraka, kama wateja waliokwisha kula na kulipa.

Kwangu kesi ilikuwa imeisha. Niliingiza mkono nikamkamata mmoja.

Vile vinywele si pambo. Hukatikia ndani ya ngozi, na kwa siku mbili vidole vyangu viliwaka kama nilishika upupu. Nilivitoa kwa kubandika selotepu na kuibandua, tena na tena, kisha nikapaka siki. Mnyoo mwenyewe nilimkata kwa mkasi nikamtupa chooni. Nilifurahi. Nakiri hivyo kwa sababu furaha ile ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Mjomba alifanya kazi hotelini Dar es Salaam karibu maisha yake yote. Alipostaafu alirudi Morogoro na redio yake, na tangi la kioo la lita 200 pamoja na mawe yaliyotoka baharini miaka mingi nyuma. Minyoo walikuja ndani ya mawe hayo, hakuna aliyewaalika. Nyumba yetu iko Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, kilomita zipatazo 190 kutoka Dar. Maji ya bahari tunaletewa kwenye madumu. Yakipungua kwa joto tunaongeza maji ya kawaida, kwa sababu mvuke huondoka bila chumvi. Ukijazia ya bahari, chumvi inazidi na samaki wanateseka. Haya yote alinifundisha mjomba, enzi anaongea vizuri.

Mwaka jana alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakaanza kumtoka moja moja, kama mtu anayetafuta chenji mfukoni. Mimi nasoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kwa hiyo nilihamia kwake, na tangi likawa kazi yangu. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata upande wa mama, na mjomba si kaka wa mama tu. Ndiye anayeulizwa kuhusu shamba la ukoo, mahari na mtoto anasoma wapi. Ada yangu ya sekondari aliilipa yeye. Sasa anakaa kwenye kiti siku nzima akitazama samaki wawili. Wakipanda juu kugombania chakula, anatabasamu upande mmoja wa uso. Ndiyo maana nilikuwa nawalisha asubuhi, mchana, jioni, na mara nyingine kabla ya kulala. Kila tabasamu, kijiko kidogo.

Aibu yangu ni kwamba ninachosomea ni udhibiti wa visumbufu. Utafiti wangu ni juu ya viwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Moja ya mambo ya kwanza tunayofundishwa ni kwamba hakuna kiumbe anayezaliwa kisumbufu. Mwaka 1959 wataalamu wa wadudu huko California waliandika wazo ambalo bado tunaishi nalo: usipige dawa kwa sababu umemwona mdudu; hesabu kwanza wako wangapi, na hasara watakayoleta ni kubwa kuliko gharama ya kuwaua? Kisumbufu ni uhusiano kati ya idadi yake na kitu chako. Nimejibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Mbele ya tangi sikulikumbuka hata kidogo.

Nilipotulia nikaanza kusoma. Wapo minyoo wa jamii hii wanaoharibu kweli, kama Hermodice carunculata wa Atlantiki na Mediterania, ambaye hula matumbawe hai. Lakini wengi wanaoonekana kwenye matangi ya nyumbani hula mabaki: chakula kilichozama, kinyesi cha samaki, mizoga. Hutoka usiku, na huzaliana kadiri ya chakula wanachopata. Ukiona wachache, tangi linafanya kazi yake. Ukiona wengi, kuna chakula kingi kinachooza mahali usipopaona. Na wengi wao wakikatwa huotesha tena sehemu iliyopotea, kwa hiyo mkasi wangu haukuwa hata adhabu ya maana.

Nikapima maji. Chakula na kinyesi vikioza hutoa amonia, nayo ni sumu kwa samaki. Kwenye tangi lenye afya bakteria huigeuza mapema, na kipimo husoma sifuri. Changu hakikusoma sifuri.

Basi hivyo. Samaki aliuawa na vijiko vyangu. Minyoo walikuja msibani, nami nikawakamata kwa sababu ndio niliowakuta na maiti.

Nilimweleza mjomba. Nilitarajia asikitike, au anifariji. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani hakunielewa. Kisha akasema, akipumzika kila baada ya neno, "Wamekula. Lakini mama, nani aliwapa?"

Tangu siku hiyo nikaanza kuwatetea. Kila aliyekuja kutusalimia nilimwonyesha minyoo na kumwambia: hawa ni wafagizi, bila hawa mchanga ungeoza. Nilijiona nimekomaa. Na hapa Morogoro hoja ya namna hiyo ina mfano unaojulikana duniani. SUA kuna watafiti wanaochunguza jinsi ya kuwapunguza panya shamba, ambao baada ya mvua nzuri huzaliana na kufukua mbegu za mahindi kabla hazijaota. Katika chuo hichohicho, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye pia kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa mwaka 2013, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, na akagundua zaidi ya mabomu 100. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022 na vyombo vya habari vya dunia vikatangaza msiba.

Naipenda hadithi hiyo. Nilikuwa naisimulia pamoja na ya minyoo, kama ushahidi kwamba tunawachukia viumbe kwa kutojua kazi zao. Hadi Jumapili moja alipokuja ndugu yetu kutoka Matombo. Nilimaliza hotuba yangu ya wafagizi, akacheka, akakubali. Jikoni, akidhani sauti haifiki sebuleni, akauliza hali ya mgonjwa, kisha akajijibu mwenyewe: "Ndiyo hivyo. Sasa yupo yupo tu."

Hakusema kwa ubaya. Ni maneno ambayo sote tumewahi kuyasema juu ya mtu. Lakini nilikuwa nimetoka kueleza, dakika tano nyuma, kwamba mnyoo anastahili kuishi kwa sababu anafagia. Nikasikia hoja yangu ikinirudia kupitia mdomo wa mtu mwingine. Kama kazi ndiyo kibali cha kuwepo, basi panya buku wa porini, ambaye hajawahi kunusa bomu, hana kibali. Na mjomba, ambaye hawezi kufunga kifungo cha shati, anaishi kwa pensheni ya huruma zetu. Nilikuwa nimewatoa minyoo kifungoni kwa ufunguo unaomfungia yeye ndani.

Kiswahili nacho kinajua jambo hili. Mnyoo, panya, nzi, wote tunawapa a- na wa-: mnyoo ametoka, panya wamekula. Lakini tukishawaita visumbufu, kwenye vipeperushi tunavyowaandikia wakulima, mara nyingi inakuwa "visumbufu vimedhibitiwa", sawa na viti vimepangwa. Na binadamu ambaye mwili wake haufanyi kazi kama tulivyozoea tulimwita kilema, kiwete, kipofu, kiziwi, kabla hatujaanza kujisahihisha na kusema mwenye ulemavu, asiyeona. Najua kiongozi na kijana nao wanaanza na ki-, kwa hiyo sijengi hoja nzima juu ya silabi moja. Nasema tu kwamba mlango wa kumhamisha kiumbe hai kwenda upande wa vitu uko wazi siku zote, na hatusikii mlio tunapopita.

Utaniuliza: basi tusiue chochote? Mama analima mahindi Mkuyuni, upande wa pili wa milima. Viwavijeshi vamizi wakivuka kiwango, nitampelekea dawa mimi mwenyewe, na sitalala njaa kwa ajili ya heshima ya kiwavi. Anayesema kila uhai ni sawa, mara nyingi si yeye anayelima. Lakini kuna tofauti kati ya kuua kwa sababu umehesabu na kuua kwa sababu umekasirika na yupo karibu. Na kabla ya zote mbili kuna swali la mjomba: nani aliwapa? Likijibiwa kwa ukweli, mara nyingi kazi ya kuua inapungua. Isipopungua, angalau unajua unamuua nani na kwa kosa la nani.

Nilichofanya ni hiki. Nilifyonza mabaki mchangani, nikabadilisha sehemu ya maji kila wiki, na nikapunguza chakula hadi mara moja kwa siku, kiasi cha kuliwa kikaisha. Kuwaua minyoo wote kwa mkupuo kusingesaidia hata kwa mwenye roho ngumu, maana maiti zao zingeoza na kurudisha amonia ileile. Lakini idadi yao, iliyotokana na vijiko vyangu, ilikuwa kubwa mno kwa chakula kipya. Kwa hiyo nilitega chupa ndogo yenye kipande cha kamba-mti usiku, wiki nzima, na nikakamata 19. Kuwarudisha baharini si salama, kwa kuwa maji ya tangi yanaweza kubeba magonjwa. Niliwatia kwenye ndoo ya maji ya bomba, ambayo kwa kiumbe wa maji chumvi ni kifo. Nilikaa pale hadi wakaacha kujikunja. Sikufurahi safari hii, na sidai kwamba kutofurahi kwangu kuliwasaidia chochote.

Samaki aliyebaki yuko hai. Mjomba anamwona akila mara moja tu kwa siku, na tabasamu ni moja. Nimelazimika kutafuta mambo mengine ya kufanya naye: namsomea gazeti, namnyoosha vidole, tunabishana kuhusu Simba na Yanga kwa maneno mawili mawili.

Juzi usiku aliniomba nizime taa zote. Tulikaa gizani mbele ya kioo, mimi na tochi niliyoifunika kwa kitambaa chekundu. Baada ya muda mrefu mnyoo mmoja alitoa kichwa kwenye tundu, akapapasa mchanga, hakupata kitu, akaendelea kupapasa. Nilitaka kusema neno juu ya usafi wa tangi, nikajizuia.

Mjomba alimnyooshea mkono wa kushoto.

"Yupo," alisema.