Kitabu Kisicho na Karatasi, Bei Yake ni Kiasi Gani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake. Amma baad. 

Tangu darsa la biashara la muhula huu, swali ninaloulizwa zaidi si la riba kama nilivyotarajia. Linatoka kwa vijana wetu wanaoandika riwaya, miongozo ya mitihani na visa vya watoto, wakaviuza wenyewe mtandaoni bila mchapishaji. Wanauliza: kitabu hakina karatasi wala wino, na nakala ya elfu hainigharimu zaidi ya ile ya kwanza. Nikikiuza faranga elfu tatu, siwadhulumu watu?

Twende Madina. Bei zilipopanda, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei. Alikataa. Aliwaeleza kuwa mwenye kupanga bei, kuzuia na kukunjua riziki ni Allah, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake pasi na mtu kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Amepokea Anas (R.A.), na wameitoa Abu Daud na Tirmidhi. Zingatieni hapo: muuzaji naye hudhulumiwa. Kisha mtazameni Urwa al-Bariqi (R.A.), aliyepewa dinari moja anunue mbuzi. Akapata wawili, mmoja akamuuza kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari mkononi. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Hiyo ni faida ya mia kwa mia, na imo katika Sahih Bukhari.

Mwaka 1988 huko Kuwait, Baraza la Fiqhi la Kimataifa la nchi za Kiislamu lilitoa maamuzi mawili katika kikao kimoja: haki za mtunzi zinalindwa kisheria na haifai kuzivamia, na faida haina kiwango maalumu, maadamu hakuna ghushi, hadaa wala kuhodhi. Kwa hiyo bei ni yako, ewe mwandishi.

Sasa ipange kwa hesabu. Katika duka la vitabu vya Kindle la Amazon, kitabu chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kumpa mwandishi asilimia 70, kwa mauzo ya nchi zilizomo katika orodha yao, ikitolewa ada ndogo ya kupakua. Chini au juu ya hapo anapata asilimia 35. Ukiuza kwa 0.99 unabaki na kama senti 35. Ukiuza kwa 2.99 unabaki na takriban dola mbili. Yaani nakala sita za bei ya chini ndizo zinazolingana na moja. Wengine huiweka sehemu ya kwanza ya hadithi kwa 0.99 ili msomaji awajue, kisha sehemu zinazofuata wakaziuza kwa bei kamili. Hakuna ubaya, muuza maembe naye huonjesha.

Dhambi huingia kwenye maneno yanayozunguka bei. Mtu anaandika "kilikuwa dola 20, leo 5", na haijapita hata siku moja kilipouzwa 20. Mwingine anawaomba rafiki zake kumi wakisifie kitabu ambacho hawajakifungua. Mtume amekataza najshi, yule anayepandisha bei ya bidhaa asiyotaka kuinunua ili amvute mwenzake, na sioni tofauti kubwa. Na yuko anayejiunga na mpango wa KDP Select, ambao unamfunga kutouza kitabu hicho cha kielektroniki penginepo kwa siku 90, huku akiwauzia wenzake kwa WhatsApp. Surat al-Maida inaanza kwa kutuamrisha kutimiza mikataba. Haikusema mikataba na Waislamu tu.

Upande wa wasomaji nina neno zito zaidi. Dada mmoja mwanafunzi aliandika mwongozo wa masomo ya mwaka wa kwanza, kazi ya miezi saba, akitarajia kulipia ada. Wiki ya pili faili lilikuwa limeenea katika magrupu ya hosteli nzima, na aliyelalamika naye akaambiwa elimu ni fisabilillahi. Fisabilillahi hutoa mwenye mali. Mtu akichukua cha mwenziwe kisha akakiita sadaka, kamtolea nani? Surat an-Nisaa imekataza kuliana mali kwa batili, isipokuwa biashara ya kuridhiana. Hata zama za Baghdad, wenye kunakili vitabu kwa mkono walilipwa, na elimu haikupungua.

Asiyeweza bei aende kwa mwandishi aombe punguzo. Wengi wao hutoa, na wenye uwezo wanaweza kununua nakala za wenzao. Kama mwongozo ule umo katika simu yako na hukuulipia, mwenyewe yupo hapa chuoni, na namba yake ya kupokea pesa imo ukurasa wa pili wa faili hilohilo. Mlipe, au umwombe akuhalalishie kabla ya mitihani kuwatawanya.

Wallahu aalam.