Daraja 27 ni Malipo ya Nini?

Katika Hadithi zinazotajwa juu ya mimbari zetu, ni chache zilizo mashuhuri kama ile aliyoipokea Ibn Umar (R.A.), ya kuwa sala ya jamaa yaishinda sala ya mtu peke yake kwa daraja 27. Imo katika Bukhari na Muslim, na iko riwaya nyingine itajayo 25. Watoto wa chuoni waijua. Lakini tumeizoea mno hata tumeacha kuiuliza, na sisi katika darsa yetu hapa Isiolo tuliona yafaa tuiulize. Daraja hizi ni malipo ya kitu gani? Rakaa ni zile zile, Fatiha ni ile ile, na Mola aabudiwaye ni Mmoja. Kwa nini mtu aliyesali Adhuhuri dukani mwake, kwa wakati wake na kwa unyenyekevu, apate moja, na jirani yake aliyevuka njia akaingia msikitini apate 27?

Wako wanaojibu kuwa hizo ni fadhila za Mwenyezi Mungu, na fadhila hazihojiwi. Ni kweli kuwa ni fadhila. Walakini wanavyuoni wakubwa hawakuona vibaya kuuliza, na Ibn Hajar Al-Asqalani katika sherehe yake ya Bukhari alizihisabu khaswala za jamaa moja baada ya moja: kumwitikia mwadhini, kwenda kwa utulivu, kunyosha safu na kuziba nafasi zake, na nyinginezo. Wako na wengine, nao ndio wengi, walioifanya Hadithi hii hesabu ya dukani: toa moja, pokea 27. Sisi watu wa miji tumezoea kununua na kuuza, na maneno ya faida hutuingia upesi.

Lau ingekuwa malipo ni ya jengo au ya wingi wa watu, basi mchungaji wa upande wa Merti, aliye nyuma ya ngamia wake kando ya mto Ewaso Nyiro, angekuwa amedhulumiwa. Yeye hana msikiti wa kuvukia njia. Naye Mtume (S.A.W.) hakumsahau mtu huyu: katika Hadithi ya Uqba bin Amir, aliyoipokea Abu Daud, amesema kuwa Mola humfurahia mchungaji aliye juu ya kilele cha mlima, aadhiniaye akasali peke yake, naye humghufiria. Tena imethubutu katika Bukhari kuwa mgonjwa na msafiri huandikiwa yale waliyokuwa wakiyatenda walipokuwa wazima na wenyeji. Basi asiyekuwa na njia hanyimwi kitu. Suali latuelekea sisi tulio na njia.

Na tutazame Sura ya An-Nisaa, aya ya 102. Waislamu wako vitani, adui yuko mbele yao, na silaha haziwekwi chini. Lau makusudio yangekuwa ni kila mtu atimize rakaa zake, lililo jepesi ni kila mmoja asali pale alipo. Bali Mungu aliwafundisha wajigawe makundi mawili, hawa wasali na Mtume na hawa walinde, kisha wabadilishane. Mwenye akili hataacha kuona kuwa katika kusimama pamoja muna jambo ambalo rakaa peke yake hazilileti.

Sisi twaliona jambo hilo kuwa ni jirani. Katika khaswala alizozihisabu Ibn Hajar imo hii: kuwa majirani hupata mazoea na mapenzi, wakajuana hali nyakati za sala. Kumsujudia Mungu si kuzito sana kwa mwenye imani, kwani Mungu hakumkosea kitu. Uzito uko katika kusimama bega kwa bega na mtu aliyekukosea jana, au aliye na deni lako, au usiyemtaka kwa kabila lake.

Isiolo yatufundisha hili kuliko vitabu. Mji huu ulikuzwa na wageni. Askari wa Kisomali waliowatumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza walikaa hapa baada ya vita. Wako Waborana, Wameru, Waturkana, Wasamburu, na wafanya biashara wa kila namna. Ulikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo serikali ya kikoloni iliifunga tangu mwaka 1926, watu wasiingie wala wasitoke ila kwa ruhusa. Kisha ikaja vita ya Shifta, 1963 hata 1967, na watu wa Garba Tulla na Merti wakakusanywa kambini na mifugo yao ikaangamia. Na mpaka hivi karibuni, katika mwaka 2011 na 2012, damu imemwagika kwa ugomvi wa malisho na ardhi. Katika mji kama huu, safu moja ya Alfajiri yaweza kuwakutanisha watu ambao hawakutani penginepo ila sokoni, wakibishana bei ya ng'ombe.

Lakini je, wakutana? Hapa ndipo penye uchungu. Mtu aweza kuupita msikiti ulio karibu naye, akaenda wa mbali, si kwa kutafuta hatua nyingi zaidi, bali kwa sababu ule wa karibu ni “wa watu fulani”. Wala ndugu zetu wa pwani wasidhani kuwa hii ni khabari ya bara. Huko Mombasa na Lamu, ambako misikiti imekaribiana hata adhana huingiliana, watu wamehamana kwa maulidi, na kwa kunuti, na kwa ugomvi wa mirathi ya babu zao. Mashafii twajua kuwa Imamu Nawawi aliisahihisha sala ya jamaa kuwa ni faradhi ya kifaya, na Rafii akaiona sunna iliyokokotezwa. Twabishana sana juu ya hukumu. Lakini mtu aliyeuchagua msikiti ili asimsalimu nduguye, sisi hatumhukumu, ila twamwomba ajiulize zile 27 azitarajia kwa kazi gani.

Mwezi wa Machi 2020 misikiti ya Kenya ilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na ilipoanza kufunguliwa mwezi wa Julai iliamriwa wasizidi watu 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie mwenye umri chini ya miaka 13 wala aliyepita 58. Safu ya mbele, ambayo katika misikiti yetu ni ya wazee, ikabaki bila ya wenyewe. Tulisimama tumeachana, na wengi walinung'unika kuwa safu yenye mianya si safu. Walisema kweli. Lakini miaka mingi kabla ya maradhi hayo mabega yetu yaligusana na nyoyo zina mianya, na hatukusikia manung'uniko. Wazee walioketi majumbani siku zile, ni wangapi waliobishiwa hodi na waliokuwa wakisali nyuma yao?

Wala lawama si ya maamuma peke yao. Muadh bin Jabal (R.A.) aliwasalisha watu Isha kwa sura ndefu, akatoka mtu mmoja aliyeshinda kutwa akifanya kazi na ngamia wake wa maji, akasali pembeni. Muadh akamsema vibaya. Mtume alipopata khabari hakumkemea mwenye ngamia. Alimkemea Muadh, akamtajia sura fupi fupi, kwani nyuma yake wasali mzee na dhaifu na mwenye haja. Maimamu walio karibu na soko la mifugo waisome Hadithi hii kabla ya kuwalaumu wachuuzi.

Wako pia wanawake wauzao maziwa ya ngamia, waamkao kabla ya watu ili yapelekwe Nairobi yangali mazima. Mtume alikataza wasizuiliwe misikiti ya Mungu. Na katika misikiti mingi ya miji yetu, adhana ikimkuta njiani mwanamke wa namna hii, hapati mlango wala maji ya kutawadhia. Jambo hili lina maneno marefu, na wanavyuoni wana khitilafu ndani yake. Tutalirejea, inshallah, katika toleo lijalo.